Spika Katika Mtungi wa Mama

Andika, mjukuu wangu Rajabu, na uandike taratibu, maana mimi sikusoma na sitajua ukiruka neno. Baba yangu ni Selemani Ngalima, mzaliwa wa milima ya Kipatimu. Mama yangu ni Somoe binti Athumani, mzaliwa wa Somanga. Mimi nilizaliwa shambani kwao, katikati ya mikorosho, mwendo wa asubuhi nzima kutoka barabara kuu, mahali ambapo leo hapana hata nyumba moja.

Tangu jana nakuona ukitoboa kuta za sebule na kuvuta waya, ukitafuta mahali pa kuziweka spika zako. Sikukukataza. Lakini ulipouendea mtungi ule wa pembeni, ukaupiga konzi kusikiliza mlio wake, nilikuita uje uketi. Mtu mwingine aliwahi kuupiga konzi namna hiyo hiyo, nami niliyaona yaliyofuata.

Tulipoamriwa kuhamia kijiji cha ujamaa, kila nyumba iliambiwa ibebe inachoweza, kwa kuwa lori halingerudi tena. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Tuliliacha kaburi lake, mikorosho yake, na kisima alichokichimba kwa mikono yake. Wenzetu walipakia milango, vitanda na kuku. Mama aliteka maji ya kisima kile, akayatia katika mtungi aliopewa na mama yake siku ya harusi, akaufunga mdomo kwa jani la mgomba, akaupakata njia nzima kama mtoto mgonjwa.

Kijijini, mtungi ule aliuweka pembeni mwa chumba cha mbele, kitako chake kimezama mchangani. Hakuuacha ukauke hata mara moja. Maji yalipofika nusu aliongeza ya kisima cha kijiji juu yake. Alikuwa akituambia, "Ya baba yenu bado yamo." Wageni walinyweshwa humo, na kila mtoto aliyezaliwa katika nyumba ile alioshwa kwanza kwa maji ya humo. Mama yako, Rajabu, ni mmoja wao.

Kaka yangu Saidi alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Alirudi na gramafoni ya betri, santuri, na spika moja tupu isiyo na kasha. Alipoifungulia, sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu. Vijana waliokusanyika wakamcheka: "Bwana Saidi, hiyo ngoma au mtu anaumwa jino?" Akaijaribu ndani ya ndoo, ikatetemeka. Akaijaribu ndani ya debe, ikapiga kelele za bati. Huko mjini alikuwa ameona watu wakiiweka spika juu ya mdomo wa mtungi, sauti ikatoka nzito. Mama alikuwa shambani, nami nilikuwa naye huko. Hapakuwa na mtu nyumbani wa kumwambia Saidi asifanye.

Akaupiga konzi mtungi wa mama, akaupenda mlio wake, akayamwaga maji yake uani, akaiweka spika mdomoni mwake. Kisha, ili waya usionekane na wageni waone kazi safi, akautoboa ubavuni kwa msumari na jiwe. Waya ule, mwanangu, ungeweza kupita mdomoni bila kutoboa chochote.

Tulisikia muziki tangu njiani. Ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Uani watu walikuwa wakicheza juu ya udongo uliolowa. Jirani yetu Bi Mwanahawa akamwita mama kwa furaha, "Mama Saidi, njoo! Mwanao katuletea Dar es Salaam nzima!"

Mama alitazama udongo, kisha akautazama mtungi wake kupitia mlangoni. Akasema, "Zima."

Saidi akapunguza sauti.

"Nimesema zima."

Muziki ukanyamaza. Saidi akacheka kidogo, kama mtu asiyejua pa kuitia mikono yake. "Mama, maji ni maji. Nitakuchotea mengine sasa hivi."

"Kachote," mama akasema. "Kachote kule alikochimba baba yako."

Saidi hakwenda. Aliyekwenda ni mama, kesho yake, na ndoo kichwani. Alirudi jioni na ndoo tupu. Kisima kilikuwa kimeporomoka, kimejaa mchanga na majani.

Tangu siku ile hakunywa maji katika nyumba ile aliyokaa na mwanawe. Alipika, alifagia, alilala humo. Kiu ilipomshika alivuka ua, akabisha hodi kwa Bi Mwanahawa. Kijiji kizima kilimwona mama mwenye mtoto wa kiume akiomba maji kwa jirani. Betri ziliisha, dukani hazikupatikana, na gramafoni ikageuka mahali pa kuanikia mboga. Saidi alimwangukia miguuni. Mama akamjibu, "Wewe nimekusamehe. Maji hayajarudi."

Mama alipokuwa akikata roho, Saidi alimwinua kichwa, akamsogezea kikombe. Mama akafumba mdomo, maji yakamwagikia mto wa kulalia. Bi Mwanahawa akaenda kwake, akaleta kikombe chake. Hicho mama alikinywa. Saidi alitoka nje, na mpaka naye alipozikwa, hakuna aliyemsikia tena akiimba wala kupiga mluzi.

Basi sikia, mwanangu. Sikukatazi muziki. Funga spika zako, ziwe na sauti nzuri. Lakini kabla hujamwaga kitu cha mtu ili upate nafasi ya chako, muulize mwenyewe kina nini ndani. Usingoje arudi. Na ukikosea, usimwambie utamletea kingine.

Mtungi ubaki pembeni pale pale, na tundu lake usilizibe. Kata ya kifuu ya kuchotea maji iliyoning'inia juu yake ni ya mama, usiitoe. Karatasi hii ikunje, uitie ndani ya mtungi, kwa kuwa hauna tena kazi nyingine. Mwenyezi Mungu akujaalie nyumba ambamo mama yako atakunywa maji bila kubisha hodi kwa mtu. Sasa washa huo muziki wako, kwa sauti ya chini.