Sauti Yangu, Midomo Yake

Studio ilikuwa chumba cha kulala mtaani Dallas, Embu, kuta zimebandikwa trei za mayai. Mwenzangu aliimba beti kwa Kiembu, mimi nikaimba kiitikio kwa Kimeru, wimbo ambao mama alinifundisha tukichuma kahawa. Wenye studio walinisifu, wanafiki wale! Kumbe kwenye video wamemweka msichana mwingine, mrembo, anachezesha midomo tu juu ya sauti yangu. Hata jina langu hawakuandika.

Wimbo ulipotoka nilimwonyesha mama kwenye simu, nyumbani Nkubu. Sikumwambia lolote. Sauti yangu angeijua hata usingizini.

Akatazama mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Mwanangu, ungeimba kama huyu," akasema, "hata wewe wangekuweka kwa video."