Chuo Alichosoma Baba

Kaka yangu analamba mawe. Simsingizii. Anachukua kipande cha mwamba, anakifuta vumbi kwa ncha ya shati, anakipitishia ulimi, halafu anakiinua kwenye mwanga akitazama. Jiwe likilowa, rangi zake hutoka, na ulimi uko karibu kuliko ndoo. Ndiyo maana pale mgodini wote wanamwita Mlamba Mawe. Hata meneja, ambaye kucheka kwake ni kwa kupimiwa, humwita hivyo na kucheka. Mimi wananiita Madamu. Nimesomea miamba miaka saba, nina kompyuta na hadubini, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kunipa jina la utani.

Niseme mapema ili nisikusumbue: kaka yangu namwonea wivu. Namwonea wivu tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, siku Baba alipoamua kwamba mimi niende shule ya bweni na yeye abaki amsaidie kazini. Watu wakisikia hivyo hunishangaa. Wanasema aliyepaswa kuona wivu ni yeye. Hawakuwapo likizoni. Nikirudi nyumbani nawakuta wawili hao wamekaa kizingitini, jiwe katikati yao, wanacheka mpaka machozi. Wakiniona wananyamaza. Baba anainuka, anafuta kiti kwa kanga ya Mama, ananiambia, "Karibu ukae, mwanangu." Mtoto wa nyumba hafutiwi kiti. Anayefutiwa ni mgeni.

Baba alikuwa mwendesha mashine ya kuchoronga, ile inayotoboa ardhi na kutoa fimbo za mwamba, nene kama kifundo cha mkono, ili wakubwa wajue chini kuna nini. Shule hakwenda. Alisoma chuo tu, chuo kile cha mkekani cha kusomea Kurani, na alijivunia sana. Siku aliponisindikiza chuo kikuu alisimama mbele ya wenzangu, begi langu begani, akatangaza, "Msidhani huyu ni wa kwanza. Hata mimi babake nimesoma chuo!" Wenzangu waliangua kicheko. Mimi nilitazama viatu vyangu. Kaka, aliyekuja kubeba sanduku, alicheka pia, lakini alicheka na Baba. Nilimchukia siku nzima kwa kujua kucheka namna ile.

Baba alipofariki, Kaka alipewa kazi ya kutunza ghala. Ni banda refu la mabati, na ndani yake kuna masanduku ya mbao yapatayo elfu nne, yamejaa fimbo hizo za mwamba zilizochorongwa tangu mgodi uanze. Kila sanduku lina mistari mitano, kila mstari mita moja. Kaka hufagia njia zote kabla jua halijawa kali, hurudishia misumari iliyolegea, huwafukuza mchwa kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Ukimwuliza sanduku lolote atakwenda kulishika bila kuangalia daftari. Mke wake anasema nyumbani haoni hata kijiko kilicho mbele yake.

Mwaka jana wenye mgodi walitaka kujua jambo moja: shaba iliyobaki ni ya miaka mingapi? Kazi hiyo nilipewa mimi. Jibu langu ndilo lingeamua kama watachimba njia mpya za chini au wataanza kupunguza watu. Mji wote unakula kwa mgodi ule, kuanzia zahanati hadi fundi cherehani. Basi nikazidi kuinua shingo.

Wifi yangu, mke wa Kaka, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza. Nikamweleza kwamba shaba iliyomo ardhini ni rasilimali, lakini si yote ni akiba. Akiba ni ile tu inayoweza kutolewa ikalipa jasho lake. Mshipa wa shaba ulio mwembamba, chini ya sentimita themanini, kwa mgodi wetu hauchimbiki, kwa hiyo hauhesabiwi.

"Kumbe kama unga wa dukani," wifi akasema. "Upo, lakini usiuhesabu kwenye chakula cha leo."

"Hivyo hivyo, wifi."

"Kaka yako angenieleza hivyo hivyo," akasema, naye hakujua alichokichoma.

Upande wa kusini ulikuwa umepimwa na kupimwa. Uliobaki ni wa kaskazini, mashimo matatu aliyochoronga Baba peke yake msimu mmoja, na hakuna aliyewahi kuyasoma kwa makini kwa sababu kusini kulikuwa bado kumeshiba. Nikaenda ghalani. Kaka alinitolea masanduku ya Baba, akayapanga juu ya meza kwa utaratibu, akayapuliza vumbi, kisha akasimama kando na chupa yake ya maji. Nilijua anataka nini. Alitaka tuyaangalie pamoja, kama kwenye kile kizingiti.

"Asante, Kaka," nikamwambia. "Nikikuhitaji nitakuita."

Alibaki kidogo. "Haya, mdogo wangu. Nipo hapo nje." Akaniachia chupa.

Nilipima siku tatu. Sikumwita. Nilimsikia nje akigonga misumari na kupiga mluzi, na kila mluzi uliniudhi. Niliyapata haya: katika kila shimo palikuwa na mishipa miwili myembamba. La kwanza mmoja wa sentimita arobaini na mmoja wa sitini, la pili hamsini kwa hamsini, la tatu thelathini na sabini. Kati ya mshipa na mshipa, mwamba mtupu wa mita moja. Hakuna hata mmoja uliofika themanini. Kaskazini nikaiandikia sifuri, na mgodi mzima nikaupa miaka sita.

Jumanne niliisoma ripoti ukumbini mbele ya wakubwa na wawakilishi wa wafanyakazi. Ijumaa ingethibitishwa na kupelekwa kwa wenye mgodi. Niliposema "sita", fundi mmoja alivua kofia kama yuko msibani. Jioni ile wifi alikuja kwangu, hakukaa.

"Wifi, tuanze kufungasha? Mtoto wa mwisho atakuwa bado darasani."

Nilimhurumia kweli. Lakini moyoni kulikuwa na kitu kingine, kidogo, ambacho nakiona aibu mpaka leo: ghala nalo lingefungwa, na Mlamba Mawe angebaki bila mawe.

Alhamisi mchana Kaka alikuja ofisini kwangu. Alivua viatu mlangoni, ingawa ni ofisi, na hakukubali kukaa.

"Mdogo wangu, yale masanduku ya Baba uliyasoma kuanzia wapi?"

"Juu, kushoto. Kama kila mtu."

Akakuna shingo. "Baba alisoma chuo."

"Najua alisoma chuo, Kaka. Sote tunajua alisoma chuo."

"Sasa chuoni wanaanzia wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwa ukali, ndipo nikauona ule mkeka na Kurani ya Kiarabu juu yake. Chuoni wanaanzia kulia. Baba hakuwahi kushika maandishi mengine. Alipotoa mwamba ardhini aliupanga sandukuni jinsi alivyojua mstari kupangwa, kutoka kulia kwenda kushoto, na kina akakiandika kwenye mfuniko tu.

Tulikwenda ghalani karibu mbio. Nikaanzia upande wa kulia. Mwamba mtupu, kisha shaba mpaka mwisho wa mstari. Nikashuka mstari wa pili, kulia tena: shaba, shaba, kisha mwamba mtupu. Haikuwa mishipa miwili. Ulikuwa mmoja, mita nzima, nami nilikuwa nimeukata katikati na kukisukuma kila kipande ukingoni. Ndivyo yalivyokuwa mashimo yote matatu.

"Halafu mishipa yako yote imegusa ukingo wa sanduku," Kaka akasema taratibu. "Mashimo matatu, ukingo ule ule. Ardhi haijui sanduku, mdogo wangu."

Nilipaswa kuliona hilo mimi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wangeliona.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ulisema utaniita." Hakusema kwa kinyongo, na hilo ndilo lililoniuma. "Halafu Jumanne niliposikia mishipa miwili nilidhani nimesahau mimi. Jana nimeyapitia yote tena. Wewe ndiye uliyesoma, nikaogopa kukuaibisha bure."

Nilifanya hesabu upya tangu mchana ule hadi asubuhi ya Ijumaa saa nne. Miaka sita ikawa kumi na minne.

Ukumbi ulijaa. Nilipotaja kumi na minne, yule fundi alitupa kofia yake juu. Meneja alisimama kunipa mkono.

"Hongera sana, Madamu. Sasa tueleze, umegunduaje?"

Kaka alikuwa nyuma kabisa, kando ya mlango, amesimama kwa sababu viti vya mbele ni vya wakubwa. Nilimwona. Nilikuwa na jina lake mdomoni. Kisha nikawaza jinsi watakavyocheka kwa mapenzi, "Mlamba Mawe huyo!", jinsi watakavyombeba, jinsi hata siku yangu itakavyokuwa yake, kama kizingiti, kama Baba.

"Nilirudia vipimo," nikasema.

Makofi yakapigwa. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, mikono juu ya kichwa, alikuwa Kaka.

Baada ya mkutano nilimfuata ghalani. Nilitaka anikasirikie. Nilitaka, walau mara moja katika maisha yetu, nimwone yeye akinionea wivu mimi. Nilimkuta amepanga masanduku ya Baba peke yake, pembeni, juu ya ubao msafi.

"Baba angefurahi leo," akasema. Akachukua kipande cha shaba, akakilamba, akanipa. "Jaribu."

Nikakataa kwa kichwa. Akacheka, akanipa kalamu nene ya wino, ile isiyofutika.

"Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu. Andika kwenye mfuniko, ili atakayekuja asikosee: soma kuanzia kulia. Halafu jina la Baba."

Niliandika. Soma kuanzia kulia. Chini yake, kwa herufi kubwa, jina la Baba. Mfuniko ulikuwa mpana, na chini ya jina hilo palibaki nafasi ya jina moja zaidi. Kaka hakuliomba. Alikuwa ameinama anatazama maandishi, akitabasamu, akisogeza midomo kama anayesoma kwa shida.

Nikaifunga kalamu, nikamrudishia.