Kinyonga ndani ya mustikere

Juzi, hapa Vulamba, niliona mutoto anatembeza kinyonga juu ya kijiti, nikamukumbuka baba.

Wakati nilikuwa mutoto, kinyonga wangu nilikuwa nimemufungia ndani ya karton ya sabuni, na sahani ya maji pembeni. Baba alirudi na lori kutoka Manguredjipa, ananuka mafuta ya mazutu na matope. Nilipofungua karton, baba aliruka nyuma mpaka ukutani. Majirani bakacheka. Nikaona haya sana.

“Papa, si uko mwanaume?”

Baba alitwaa mustikere, chandarua ya kitanda iliyozeeka, akaishonea juu ya vijiti ikawa nyumba ndogo, akasimamisha ndani tawi la muti wa avoka.

“Anatafuta hewa,” akasema polepole. “Na maji ya sahani hapana. Anakunywaka matone ku majani.”

Akanyunyizia majani maji. Kisha akamuchukua kinyonga kwa mukono wake, macho amefunga, akamuingiza.

Leo najua: kwao alikomaa akiambiwa kwamba mwenye kugusa kinyonga atafiwa na mutu wake. Aliamini hivyo, na akamugusa. Mimi wakati ule nilikuwa nimesogea upande wa majirani, nikicheka pamoja nabo.