Bibi Vizibo na Mfereji Wetu

Sisi wa nyumba za bondeni tulimwita Bibi Vizibo, na akishatupa kisogo tulimwita vibaya zaidi. Nasema "sisi" kwa sababu nami nilikuwemo.

Alikuwa mfagiaji wa shule hadi alipostaafu. Mumewe alishatangulia, mwanawe wa pekee yuko mbali, na simu zake zilikuwa za kubahatisha. Chumba chake kilikuwa cha mwisho, pale mfereji unapoingia chini ya barabara. Chupa zote za plastiki tulizotupa huku juu, za maji, za soda, za mafuta ya kupikia, zilishuka zikakwama mlangoni pake.

Basi kila asubuhi ni yeye na reki yake. Anavuta chupa, anafungua kizibo, anaikanyaga kwa kisigino mpaka ilale, kisha anarudisha kizibo upesi isije ikavuta hewa ikavimba tena. Kra! Kra! Mimi ni fundi cherehani, dirisha langu linatazama mfereji, na kelele ile ilinikera miaka sita.

Mwanzoni alipiga hodi mlango kwa mlango. "Wanangu, mvua ikikuta chupa hizi, maji hayatakuwa na njia. Yatatuingilia ndani." Tukaitikia, "Sawa, bibi," kwa midomo tu. Heri tungemkatalia! Maana tulipoona mfereji hauzibi, ndiyo kwanza tukazidi. Mtu amesimama kando ya pipa la taka, anatupa mferejini. "Si bibi yupo?" Jirani yangu muuza mkaa alikuwa na utani wake: "Tukiacha kutupa, bibi wa watu atafanya kazi gani?" Jamani, nilicheka mpaka mshono ukaenda upande.

Sikuwahi kuona mgeni mlangoni pake. Alipomaliza kazi alisimama kidogo chini ya dirisha langu, kama mtu mwenye neno. Nami nikazidi kuikanyaga cherehani, nikijisemea, huyu akianza hadithi ataniganda hadi jioni. Baadaye anajiondokea zake.

Mwaka huu, wiki ya mvua kubwa, nilishona kwa raha. Siku tatu hakuna kra wala nini. Nikasema, afadhali. Siku ya nne, saa sita mchana, mvua ikamwagika. Maji yakatafuta njia, yakaikosa, yakarudi kwetu. Chupa zikaingia mpaka uvunguni mwa kitanda, na sare za wanafunzi nilizokuwa nimezimaliza zikalowa tope zote.

Nikapandwa na hasira. Si kwa mvua, si kwa chupa, wala si kwangu mwenyewe. Kwa bibi! "Amelala, mvivu yule! Leo atanitambua!" Muuza mkaa, ambaye mkaa wake ulishakuwa uji, akanifuata, na wengine watatu nyuma yetu. Tukaugonga mlango wake kwa ngumi.

Alikawia. Alipofungua alikuwa amejitanda blanketi, macho yameingia ndani, maji yamemfika magotini. Homa ilikuwa imemlaza siku zote zile, hata wa kumpa maji ya kunywa hana. Akatutazama mmoja mmoja, uso ukamchanua.

"Wanangu," akasema, "mmejuaje kama naumwa?"

Matusi nilikuwa nayo mdomoni. Nikayameza. Muuza mkaa akainamisha kichwa.

"Hatukukuona, bibi," nikasema. "Tukaingiwa na wasiwasi."

Uongo mtupu. Akanishika mkono, wake unawaka moto, akaanza kulia. "Nami nimelala humu nikisema, nikifa hakuna atakayejua. Kumbe nina watu!"

Kisha akaliona tope kwenye nguo zetu.

"Ee Mungu wangu, mfereji! Umewaingilia? Nisameheni, wanangu, nisameheni sana. Nikipata nguvu kidogo tu, kesho nitaamka mapema."