Kufuli Shingoni mwa Mtani

Nakumbuka siku moja mama yangu alishuka kwenye treni iliyotoka Kilosa mjini, mkononi ana kifurushi kidogo cha gazeti, na ndani ya gazeti kufuli jipya. Tulikuwa tunakaa Kidete, miaka ile ya ruksa, maduka ya watu binafsi yalipoanza kujaa vitu na marobota ya mitumba yakawa yanashushwa stesheni kama magunia ya mahindi. Kila aliyekwenda mjini alirudi na kile alichokikosa miaka mingi: sabuni ya kunukia, kitenge, redio ya betri. Mama yangu alirudi na kufuli. Mwanangu, nilipoliona nilidhani tumeanza kuibiwa kuku.

Nimelikumbuka kwa sababu nimesikia habari za mama mkwe wako huko Mikumi, kwamba siku hizi anasahau hata mlango wa kutokea, na kwamba wewe huonekani tena arusini wala msibani. Sikulaumu. Kaa hapa nikusimulie.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa Mvumi, nimerudi kwa wazazi kujifungua mimba yangu ya kwanza, kama ilivyo desturi. Nilikuja nikitarajia kudekezwa, nipikiwe uji, nikae mkekani ninyooshe miguu. Nikamkuta mama amekonda, macho yamemuingia ndani, na baba yangu, Mzee Mihayo, akanitazama pale mlangoni akasema kwa adabu, "Shikamoo, mama." Baba yangu mzazi ananiamkia mimi! Nilisimama na tumbo langu, nisijue kama kuitikia marahaba ndiyo dhambi au kunyamaza ndiyo dhambi. Nililia, sikufichi.

Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Alikuja ujana wake akaajiriwa reli, akapanda mpaka akawa mnyapara wa genge, wale watu wanaobadilisha mataruma yanayolaliwa na reli na kushindilia kokoto. Reli haiinuliwi kwa mikono tu. Inainuliwa kwa wimbo, na mwenye kuanzisha wimbo alikuwa yeye. Alistaafu, baada yake genge nalo likapunguzwa watu, halafu pole pole akili yake ikaanza kuchukuliwa. Alfajiri alishika mtaimbo wake akaenda relini kufanya kazi ambayo hakuna aliyemngojea kuifanya. Ukimwambia umestaafu, baba, anakutazama kama mwizi.

Watu wakasema amerogwa. Mama akasikia, na neno lile likamkaa kifuani. Akaanza kumficha mumewe. Akaacha kwenda kanisani, akaacha kusukwa nywele, jirani akibisha hodi anasema mzee amelala. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema mtu afanye nini na macho ya watu. Shamba la mpunga nalo lilikuwa linangoja palizi. Basi asubuhi moja akampikia baba uji, akamsubiri akae kitandani, akafunga mlango kwa nje kwa lile kufuli, akachukua jembe akaenda. Mimi akaniacha barazani, niwe nazungumza na baba kupitia mlango.

Siku ya tatu au ya nne hivi akaja Mzee Shabani, Msagara, mkulima wa pale pale Kidete. Nyinyi wa siku hizi utani mnaujua kwa mpira tu. Sisi tulikuwa na utani wa makabila, kama huu wa Wasagara na Wanyamwezi, wa tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani anakuita mtumwa wake, huna ruhusa ya kununa. Anaingia kwako anachukua kuku, huna pa kushtaki. Na ukifiwa, yeye ndiye anayefanya kazi za msiba zinazowashinda ndugu, ndiye anayeruka kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe haki yake, waliokuwa wanalia wacheke bila kupenda. Mzee Shabani alikuwa bingwa wa hayo.

"Yuko wapi mtumwa wangu?" akauliza baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Nimekuja kuchukua jogoo."

Nikamwonyesha mlango kwa kidevu. Akaliona kufuli. Mle ndani baba akagonga mara mbili, taratibu, kama mgeni.

"Nani huko? Nifungulieni jamani. Genge linanisubiri."

Mzee Shabani, mtu aliyecheka kwenye misiba yote ya Kidete, alikaa chini barazani, jogoo amemsahau. Mtani akiacha utani, mwanangu, ujue jambo limemfika. Alikaa vile vile mpaka mama aliporudi na jembe begani, na mama alipomwona akajua hakuna tena cha kuficha.

"Nikimwacha wazi, treni itamchukua," alisema mama hata kabla ya salamu. "Nikikaa naye, njaa itatuchukua sote. Haya, mtani, wewe unayejua kusema, niambie nichague ipi."

Mimi nilidhani atamkaripia. Wazee wetu walikuwa hodari wa kukaripia wanawake. Yeye akanyoosha mkono tu. "Nipe hilo kufuli."

"Usinifanyie hivyo, mtani."

"Nipe. Nilikuja kuchukua jogoo, nachukua kufuli. Nitamleta mke wangu akae naye hapa mpaka kesho."

Kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Nilikuwa pale, nimekwenda kutafuta ndimu, maana mimba ina mambo yake. Nikamwona Mzee Shabani anapita katikati ya wauza mitumba na wauza ndizi, kufuli la mama linaning'inia shingoni kwa kamba ya katani. Watu wakaanza kucheka. "Mzee, leo umefungwa?" Hajibu. Anapita tu, kifua mbele, kama anayevaa nishani. Watoto wakamfuata, kina mama wakaacha biashara. Alipoona watu wamejaa, akapanda juu ya robota la mitumba, mwenye robota akapiga kelele, hakuna aliyemsikiliza.

"Mtani wangu Mihayo akifa kesho," alisema, "nyote mtakuja. Vijana mtachimba. Kina mama mtapika, tena mtalia mpaka kanga zilowe. Mimi nitalala kaburini nidai haki yangu. Leo yu hai. Amefungiwa ndani kama baiskeli, na hakuna aliyekwenda hata kumtania. Na mimi ni mmojawapo, ndiyo maana nimelivaa. Utani gani huu wa kumngoja mtu afe?"

Kijana mmoja akasema, "Lakini mzee, si amerogwa yule?"

"Aliyemroga anaitwa uzee. Na wewe anakujua kwa jina, anakungoja."

Watu walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha kutazama chini. Msema kweli hana wajoli, hana wenzake, mwanangu, ila siku ile alipata wengi.

Sikwambii kwamba kesho yake dunia iligeuka. Wengine walikuja mara moja wakachoka. Mmoja alikuja akala chakula kingi kuliko mgonjwa. Hata hivyo wazee wanne wa genge la zamani walikuja asubuhi na mitaimbo na sururu zao, wakasimama uani, wakasema, "Mnyapara, tupo." Baba akatoka! Hawakumpeleka relini, walimpeleka kwenye mfereji wa njia ya sokoni uliokuwa umeziba kwa mchanga, wakamwambia kazi ya leo ni hapa. Akasimama kando, akaanzisha wimbo. Mwanangu, jina langu lilikuwa limemtoka, jina la mama lilikuwa limemtoka, lakini wimbo alikuwa nao wote, na pale pa kuinua sauti aliinua. Wale wazee waliitikia machozi yakiwatoka, na mfereji ukazibuliwa. Kila ulipoziba tena, walirudi. Nadhani wakati mwingine waliuziba wenyewe.

Kuoga kulikuwa vita. Alikuwa hataki mama amvue nguo, anasema yeye ana mke wake, hawezi kuvuliwa na mwanamke asiyemjua. Mzee Shabani akaja na ndoo. "Nyinyi Wanyamwezi tangu mtoke Tabora hamjagusa maji," akamwambia. Baba akasimama. "Msagara gani wa kunifundisha kuoga? Lete hiyo ndoo!" Wakaingia bafuni wote wawili wakitukanana, wakatoka baba ananukia sabuni. "Heshima ya mume wangu imerudi," alisema mama, akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake. Siku hiyo hiyo mke wa Mzee Shabani alimketisha mkekani akamsuka nywele. Mama alilala usingizi katikati ya kusukwa, kichwa mapajani mwa mwenzie, na yule mama hakujisogeza mpaka jua lilipoondoka.

Pale stesheni napo kina mama wauza ndizi na mihogo waliwekeana utaratibu. Ukimwona Mzee Mihayo karibu na reli, usimpigie kelele, usimshike mkono, maana akishikwa anapigana. Sema naye kama unavyosema na mnyapara.

Hilo ndilo lililotuokoa. Ilikuwa masika, mto Mkondoa umejaa, mvua imewafanya watu wajifungie. Baba akatoroka. Mama alipogundua, alikimbia kuelekea relini miguu mitupu, nami nyuma yake na tumbo langu, nikiita kwa sauti ambayo mvua iliimeza. Tukamwona amesimama katikati ya reli, mtaimbo mkononi, anakagua taruma. Honi ya treni ikalia kwenye kona. Mama, kwa wazimu wa mapenzi, akaingia relini kumkimbilia, akateleza kwenye kokoto akaanguka.

Mwuza ndizi mmoja alikuwa amejikinga mvua chini ya paa la stesheni. Angeweza kupiga mayowe, kama mimi. Badala yake akaita kwa sauti ya kazi, "Mnyapara! Treni hiyo! Toa watu wako!"

Baba aliinua kichwa. Alitazama mbele na nyuma kama alivyotazama miaka yote, maana mnyapara hatoki relini kabla ya watu wake. Akamwona mtu mmoja amebaki. Akaja mbio, akamshika mama kwapani, akamvuta mpaka kwenye majani, treni ikapita. Baba akamfuta matope usoni kwa kiganja, akamtazama kwa huruma, hamjui kabisa, akasema:

"Mama wewe, relini unatembea peke yako? Huna watu nyumbani wa kukuangalia?"

Watu walikuwa wameshajaa: wauza ndizi, wazee wa genge, Mzee Shabani anahema, shati amelivaa nje ndani. Mama akawatazama mmoja mmoja.

"Ninao," akasema.

Mtoto wangu alizaliwa wiki hiyo. Baba aliendelea kuishi kwa muda, akamwimbia mjukuu wake wimbo wa kuinua reli, akafa kitandani mwake, safi, ameshikwa mkono. Siku ya kuzika tulimngoja Mzee Shabani aruke kaburini. Hakuruka. Alikaa chini na wafiwa, na mama alipomuuliza mbona hadai haki yake, akajibu, "Haki yangu mimi niliila akiwa hai." Kufuli lenyewe alikuwa ameshalifunga kwenye banda lake la kuku, kuwazuia Wanyamwezi, alivyodai.

Sasa mwanangu, sikia. Usimfungie mama mkwe wako, na wewe usijifungie naye. Mpeleke hospitali, maana siku hizi ugonjwa huu una jina na wapo wanaoujua. Halafu toka nje useme. Mwambie jirani, mwambie mwuza mboga, waambie vijana wa bodaboda wa hapo barabara kuu penye malori, waambie anaitikia jina gani na anapenda kuambiwa nini. Mlikuwa mnaniambia alifinyanga vyungu ujanani. Basi mtafutie udongo na wanawake wawili wa kukaa naye. Atasahau jina lako. Usimbishie, ingia relini mwake umtoe kwa sauti anayoijua. Na siku jirani yako atakapoanza kusema mzee amelala kila unapobisha hodi, usikubali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi mpaka uuinue. Wewe uinue upande mmoja.

Mungu akupe kifua na mikono ya kukusaidia. Akujalie uzee wa kukumbukwa hata ukisahau. Na siku atakapokuuliza mtu kama una watu nyumbani, akujalie uwe na jibu la mama yangu.