Aliyeingia Mahali pa Nekesa

Kuna siku moja ya usichana wangu ambayo hainitoki akilini, mwanangu, na naanza nayo kwa sababu bila hiyo sitaweza kukueleza mengine.

Nilikuwa nikimlea mtoto wa kaka yangu, nyumbani kwetu karibu na Khunyangu. Kwetu mtoto akizaliwa na akawa analia bila kunyamaza, wazee humtajia majina ya ndugu waliofariki, moja baada ya jingine, na jina atakalolinyamazia ndilo linakuwa lake. Huyu alinyamazia la Makokha. Makokha alikuwa baba yangu mdogo, aliyefariki kabla mtoto hajazaliwa. Alitengeneza baiskeli pale sokoni, tena kwa mkono wa kushoto. Wateja walimcheka, lakini waliwapita mafundi wengine wote wakamfuata yeye. Nilimpenda sana.

Mtoto alipopewa jina lile, kila aliyeingia uani alimsalimu kama mtu mzima: "Fundi, umeamkaje?" Wenzangu walijua ni utani wa upendo. Mimi nilichukulia kwamba fundi amerudi kweli. Basi mtoto alipoanza kujilisha uji na kushika kijiko kwa mkono wa kulia, niliona amekosea. Nikachana kipande cha leso, nikamfunga ule mkono wa kulia kifuani, polepole, bila kumuumiza, ili ajifunze kutumia wa kushoto.

Bibi yangu, ambaye sisi humwita kukhu, akaingia jikoni akatukuta. Makokha alikuwa mwanawe wa mwisho. Kama kulikuwa na mtu pale nyumbani wa kumtaka arudi, ni yeye.

"Nani amemfunga huyu?"

"Ni mimi, kukhu. Makokha hakuwa akila na mkono huo."

"Makokha nilimzika. Huyu tulimpa jina, hatukumpa kaburi. Mfungue."

Nikamfungua. Mtoto akanyakua kijiko kwa mkono alioutaka, akajipaka uji hadi masikioni. Kukhu akamcheka, na machozi yakamtoka hapo hapo, akatoka nje. Nilidhani amenikasirikia. Nimekuja kumwelewa nikiwa mzee.

Sasa nije kwa mambo ya karibuni.

Mimi nauza chai na mandazi Malaba, upande wetu wa Kenya, pale malori yanapopanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Kuna kijana anaitwa Barasa, ambaye aliwahi kuwa karani kwa wakala wa forodha, kisha akaacha akaanza kutengeneza vichekesho kwa kamera ndogo. Kipindi chake cha kwanza alikiita Foleni. Kilikuwa cha watu wazima: madereva wawili wamekwama mpakani, hawana kazi ila kusutana. Watu walikitazama kwenye simu hapa Malaba na huko Busia mjini. Ndani yake kulikuwa na binti wa muuza chai, anaitwa Sofi. Alipita tu kukusanya vikombe, akawatupia madereva neno moja, akaenda zake. Ikawa watu wanangoja hilo neno moja kuliko kipindi kizima. Barasa akaona mwanga. Akamtolea Sofi kipindi chake, yeye na wanafunzi wenzake, akakiita Watoto wa Foleni.

Aliyemwigiza Sofi alikuwa binti yangu, Nekesa.

Kipindi cha vijana kina taabu yake, mwanangu, kwa sababu vijana hawatulii mahali pamoja. Mvulana aliyeigiza mdogo wa darasa alirefuka likizo moja tu, akarudi anamwinamia mwalimu. Msichana mwingine alihamia Sio Port, kule ziwani, baba yake alipoanza kuuza omena, wale dagaa wadogo. Mwingine akaenda shule ya bweni. Na kila aliyeondoka, Barasa alimpa sababu ile ile: amekwenda kuishi kwa shangazi yake Tororo, ng'ambo huko Uganda. Watazamaji wakashika utani. Wakaandika kwamba huyo shangazi lazima ana nyumba kubwa kama bohari, na anasonga ugali kwa mwiko mkubwa kama kasia. Nekesa alikuwa akinisomea hayo kwa sauti jioni tukiosha masufuria, akicheka hadi anaegemea ukuta.

Halafu Nekesa akaugua. Malaria ikampanda kichwani, na hatukukaa naye hata wiki. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Barasa na wale watoto walilia pale kaburini kama ndugu wa kuzaliwa, na sina neno baya juu yao. Ila waliporudi kazini hawakujua waseme nini. Wakasema walichozoea. Sofi amekwenda kwa shangazi Tororo.

Walitaka kunisitiri. Lakini mimi niko kibandani kila siku, na Malaba si mji wa kujificha. Watoto wakitoka shule walipita wakiniuliza, "Mama Sofi, atarudi lini?" Siku moja dereva mmoja, mtu wa pwani mwenye maneno mengi, aliegemea meza akasema, "Mama, jana nimelala Tororo. Nimemtafuta Sofi wako nyumba hadi nyumba. Shangazi amemficha wapi?" Alikuwa akitania tu, masikini. Hakujua. Nilimmiminia chai, nikamwambia, "Yuko." Kisha nikaenda nyuma ya kibanda nikakaa juu ya ndoo.

Miezi ikapita. Barasa akaja kwangu, kofia mkononi.

"Mama Nekesa, watu wanamtaka Sofi. Bila yeye kipindi kinaisha, na watoto wameanza kutawanyika. Tumepata msichana wa Amukura, anaitwa Amoit. Ni mzuri. Ila hawezi ile sauti. Wewe ndiye unaijua. Tunaomba umfundishe, hasa kile kicheko. Na kama ungetupa ile sweta yake aliyozoea kuivaa..."

Sweta nilimkatalia. Kufundisha nilikubali, na nitakuambia ukweli: sikukubali kwa ajili ya kipindi. Nilitaka kukisikia kile kicheko tena.

Amoit akawa anakuja akitoka shule. Msichana mpole, mrefu, anasalimia kwa kuinama kidogo. Nilimwonyesha Nekesa alivyokuwa akivuta pumzi kwanza, kama mtu anayetaka kupiga chafya, halafu akaachilia kicheko chote kwa mara moja. Nilimwonyesha alivyoongea upesi, maneno yakipandana. Mara ya kwanza hakupata. Nikamwambia rudia. Nikamwambia rudia tena. Jioni moja nilikuwa nimempa mgongo, nachochea makaa, akakipata sawasawa. Kabla sijajijua nilishaita, "Nekesa!"

Nikageuka. Amoit alikuwa amesimama na kikombe mkononi, hajui aitikie au asiitikie.

Wakatoa kipindi cha kwanza cha Sofi mpya. Watu hawakumhurumia. Mmoja aliandika, "Huyu Sofi ni feki." Mwingine, "Sauti ameazima, sura hakupata." Wengine wakawa wanaandika hivyo hivyo siku nenda siku rudi: "Mrudisheni huyu kwa shangazi, mtuletee wetu." Mtoto yule alikuwa anayasoma yote, maana vijana hamjui kuiacha simu ikae kimya.

Ijumaa moja akaja kibandani na sare yake ya kuigizia imekunjwa kwenye mfuko wa plastiki. Akaiweka mezani.

"Mama, nimekuja kuaga. Mpe Barasa."

"Kuna nini?"

"Nikicheka kama Nekesa, watu wananitukana. Nikicheka kama mimi, Barasa anasema tukate, turudie. Kesho ndiyo kazi, na mimi siwezi." Akanitazama usoni. "Na wewe, mama, usikasirike. Unanipenda, najua. Lakini ukinitazama hunioni."

Nilimtazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja kwangu. Ana alama ndogo ya kovu juu ya nyusi. Sikuwa nimeiona. Nikaukumbuka mkono wa yule mtoto wa Khunyangu, na sauti ya kukhu mlangoni. Nilikuwa nimemfunga mtoto wa watu, tena nikiwa mtu mzima, tena kwa upendo.

Nikamwambia, "Usiage bado. Chukua mfuko wako, twende."

Tulimkuta Barasa akiwapanga waigizaji wake kwa kazi ya kesho. Nikamwambia, "Barasa, huyo shangazi wa Tororo basi. Amechukua watoto wa kutosha. Sema mtoto wangu amekufa."

Akashika kichwa. "Mama, hiki ni kichekesho. Watu wakishasikia hivyo watacheka vipi?"

"Watalia, halafu watacheka. Wewe umezaliwa wapi? Umewahi kuona matanga ya kwetu yasiyo na kicheko?"

Hata yeye anajua: pale matangani ndipo wanapoketi wale wazee wanaokumbusha vituko vya marehemu hadi mjane anashika mbavu.

"Halafu Sofi?"

"Sofi ni jina. Mpe Amoit, na umwache acheke anavyocheka."

Jumamosi walikuja watu wengi kuliko kawaida, maana habari hapa haitembei, inakimbia. Foleni ilikuwa ndefu, na madereva waliteremka wakaja kusimama nasi. Barasa akawasha kamera akaniashiria. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu, na elimu yangu ni ndogo. Nilisimama na aproni yangu yenye masizi, nikamshika Amoit bega.

Nikasema, "Mimi ni mama yake Nekesa, aliyekuwa Sofi wenu. Nekesa hayuko Tororo. Amefariki, tumemzika. Mlioniuliza nikawajibu ovyo, mniwie radhi. Huyu ni Amoit, anatoka Amukura. Jina la Sofi leo tunampa yeye. Msimdai awe Nekesa, hata mimi nimeacha kumdai."

Mama mmoja wa kubadilisha pesa akaanza kulia, na watoto wa shule wakaanza naye. Yule dereva wa pwani, kwa bahati alikuwa kwenye foleni siku hiyo, akavua kofia. Akaja akaniambia, "Mama, na mimi nilikutania." Nikamwambia hakuna kosa. Tukakaa hivyo mpaka watu wakajifuta macho, ndipo Barasa, kwa sauti ya kukwaruza, akasema tuanze kazi.

Amoit akaanza kupita akikusanya vikombe, kama ilivyopangwa. Niliviona vikombe vikigongana. Hapo yule dereva akasahau kwamba kamera inafanya kazi, au labda hakusahau, akapaza sauti:

"Sofi! Basi sasa yule shangazi Tororo anaishi na nani?"

Nekesa angemjibu kabla hajamaliza kuuliza. Amoit hakujibu. Alichukua kikombe cha dereva, akakifuta polepole, akayatazama malori kutoka la kwanza hadi pale macho yanapoishia. Sote tukangoja. Nilianza kumwombea kimoyomoyo.

"Shangazi ana mchumba," akasema taratibu. "Dereva kama wewe. Alituma ujumbe anakuja na mahari." Akakigeuza kikombe juu chini. "Bado yuko kwenye foleni."

Mwanangu, kicheko kilichotoka pale kiliwaamsha waliokuwa wamelala kwenye malori. Mmoja alikuwa akipiga bodi ya lori kwa kiganja, akisema, "Huyo ni mimi! Huyo ni mimi kabisa!" Barasa hakusema tukate. Amoit mwenyewe alishindwa kujizuia, akacheka kicheko chake, kidogo, cha puani, mabega yakitikisika. Hakikufanana na cha Nekesa hata chembe. Na mimi nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi.

Sitakudanganya kwamba wote walimpokea. Wapo walioacha kukitazama kipindi, na wapo wanaoandika hadi leo kwamba Sofi wa kwanza hana mfano. Hao siwalaumu, nami naona vivyo hivyo. Lakini wengi waliandika pole, na wasichana wa Busia wameanza kumwiga Amoit ule ukimya wake, wanamtazama mtu weee kabla ya kumjibu. Kipindi kinaendelea. Sweta bado iko kwangu, kwenye sanduku, kwa kuwa kuna vitu vilivyokuwa vya Sofi na kuna vilivyokuwa vya Nekesa. Jumapili tunakwenda kaburini, na mara nyingine Amoit huja nasi. Anakaa pembeni, anang'oa magugu, anaongea na mimi habari za shule yake. Mwaka ujao huenda naye akaondoka kwenda bweni. Nimeshamwambia Barasa, akipatikana Sofi mwingine, mniite nije nimtambulishe.

Basi sikia ninalokuambia. Maisha yatakuweka mahali palipokuwa pa mtu mwingine. Labda utaolewa kwenye nyumba iliyofiwa na mama, labda utapewa uongozi wa kwaya aliouacha mtu aliyependwa. Usilichukie jina lake likitajwa, litaje na wewe. Uliza habari zake, uzisikilize, uziheshimu. Ukishamaliza kusikiliza, fanya kazi kwa akili yako na sauti yako. Wakikuambia wewe si yule, jibu kwamba ni kweli, na uendelee kufanya kazi. Na kama wewe ndiye uliyefiwa, mlilie mtu wako kwa jina lake, wazi, bila kumtungia safari. Usimpe mtoto wa mwenzako kazi ya kumrudisha.

Nakuombea, mwanangu, Mungu akuzeeshe vizuri. Akupe kazi ya kukuamsha asubuhi na watu wa kula nao jioni. Siku utakayokuwa mgeni mahali, apatikane hata mtu mmoja wa kukutazama usoni na kukuona. Na siku utakayoondoka, wakulilie kwa haki, kisha wamkaribishe anayekuja.