Uji wa Zuhura

Nakumbuka mwaka wa kula ming'oko kutwa, mahindi yalipokauka yote hapa Kiegei. Tulichimba mizizi ile porini, tukachemsha, tukashukuru. Mdogo wangu Zuhura alikuwa darasa la saba. Mtoto alikuwa na akili yule, mwanangu! Ila darasani anasinzia, mwalimu akisema hiki yeye anaandika kile.

Sokoni Nachingwea mama akakutana na mwuza dawa ana unga wa mzizi. "Huu unafungua kichwa," akamwambia. "Mtilie kwenye uji wa mtama na karanga, kila asubuhi kabla ya shule." Mama akanunua. Mtama na karanga tulivyoficha kwa mbegu, akavitwanga.

Zuhura akaamka! Anajibu maswali, anatucheka sisi wakubwa. Kijiji kizima kikausifu mzizi, na mimi domo mbele.

Mzizi ukaisha, mwuzaji keshahama. Mama akasema, "Sasa uji wa nini?" Tukaacha na uji. Zuhura akarudi kusinzia, na mtihani ukamkuta hivyohivyo. Hakufaulu. Mpaka leo, mtu mzima na wajukuu, akipita mbele ya shule hageuzi shingo.

Bibi yetu ndiye aliyetuumbua. "Nyie mkitia mikorosho dawa, si mnaacha mmoja bila dawa muone tofauti? Kwa mtoto mkashindwa nini? Na ule uji, mlidhani ni maji ya kumezea?" Tungeendelea na uji peke yake tungejua kilichomwamsha, na mtoto angeshiba.

Juzi kaja mfanyabiashara kutoka Ruangwa na vidonge vyake vya majani, eti vinawatuliza akili wanafunzi. Anataka anirekodi mimi, bibi kizee sasa, kwenye simu nikisema mzizi ulimfungua Zuhura kichwa.

"Bibi, sema tu, watu wanakuamini."

"Sisemi ni mzizi. Uji ulikuwepo."

"Bibi mbishi wewe!"

Mbishi, ndiyo. Sikatai majani, mwanangu, nimelea watoto saba kwa majani. Lakini anayekuuzia dawa ya kufungua kichwa muulize: nani alikunywa, nani hakunywa, na wote walikula nini? Akibabaika, funga mkoba wako. Wewe kula, lala, ndipo usome. Mungu akujaalie tumbo lililoshiba na kichwa chepesi siku ya mtihani, usome mpaka umsomee na Zuhura.

Yule bwana kasema atarudi na kitenge cha kunilainisha. Na aje nacho, nitamwambia vilevile: "Sisemi ni mzizi. Uji ulikuwepo."